Macho ya Kusoma Ndiyo Haba

Leo nazungumza hasa na kijana, wa kike au wa kiume, anayesoma kompyuta au aliyemaliza juzi, ambaye kila semina anayohudhuria anaambiwa neno lile lile: nenda kachangie programu huria. Anaitikia kwa kichwa, anarudi chumbani kwake, anawasha kompyuta, na hapo anakwama. Achangie nini? Ampe nani? Aingilie wapi? Waliomshauri walishamaliza soda zao na kuondoka.

Kwa asiyelijua jambo hili, niseme kwa ufupi. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa juu ya Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliutangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, akiomba maoni ya watu. Msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiambia mashine la kufanya, uko wazi: hiyo ndiyo programu huria. Yeyote anaweza kuusoma, kuunakili, kuurekebisha, na kuwapelekea wenye mradi marekebisho yake. Wakiyakubali, yanaingia kwenye simu na seva za watu ambao hatakutana nao maishani. Cheti hakiulizwi, na wala hakuna anayetaka kujua ulisoma chuo gani.

Sasa, kwa kuwa hakuna anayezuiwa, wengi huamini kwamba wenye miradi hii wamekaa wakisubiri msaada kwa hamu, na kwamba mstari wowote wa msimbo utapokelewa kwa vigelegele. Ushauri wa "jitose tu, unakaribishwa" ndio unaolea imani hiyo, na mimi naona umewaumiza vijana wengi. Miradi mingi haina njaa ya msimbo. Ina njaa ya watu wa kuusoma. Kila badiliko linaloletwa lazima lisomwe na mtunzaji, mtu anayeujua mradi, ajiulize kama linafanya linachodai, kama halivunji kitu kingine, na kama yeye mwenyewe ataweza kulitunza miaka mitano ijayo wakati aliyelileta ameshasahau. Mtunzaji huyo mara nyingi ana ajira nyingine mchana, na mradi anaushika usiku, watoto wakishalala.

Mwaka 2014 dunia ilijifunza hilo kwa mshituko. Iligunduliwa hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed ndani ya OpenSSL, maktaba ya msimbo ambayo sehemu kubwa ya tovuti duniani zilikuwa zikiitegemea kulinda nywila na siri za wateja. Watu walipouliza nani anaitunza, wakakuta mradi una mfanyakazi mmoja tu wa muda wote. Msimbo wenye hitilafu ile ulikuwa wazi tangu mwanzo, kila mtu ana ruhusa ya kuusoma. Waliokuwa wakiusoma kwa makini ndio walikuwa wachache.

Na kuna kisa cha fulana. Tangu 2014 kampuni ya DigitalOcean huendesha shamrashamra za mwezi Oktoba zinazoitwa Hacktoberfest, na kwa miaka mingi ahadi yake ilikuwa hii: changia programu huria idadi fulani ya mara, upate fulana. Wazo zuri. Lakini Oktoba 2020 lilizuka balaa. Maelfu walivamia miradi wasiyoijua, huyu akiongeza neno la sifa kwenye ukurasa wa maelezo, yule akibadilisha nukta kuwa alama ya mshangao, mradi hesabu itimie. Watunzaji wakashinda wakifunga maombi ya ovyo badala ya kufanya kazi. Siku chache tu baada ya mwezi kuanza, waandaaji walilazimika kubadili kanuni, wakasema itahesabiwa tu michango kwa miradi iliyojiandikisha kwa hiari yake. Siku hizi fulana imepata mrithi: akili bandia. Daniel Stenberg, raia wa Sweden aliyeanzisha programu ya curl, amelalamika hadharani mara nyingi kuhusu ripoti ndefu zenye Kiingereza safi zinazoeleza mianya ya usalama ambayo haipo kabisa. Kuiandika ripoti ya namna hiyo ni kazi ya dakika moja. Kuikanusha kunaweza kula nusu siku ya mtu.

Kwa hiyo ukitaka kuanza vizuri, swali la kujiuliza si "nitaandika msimbo gani." Jiulize: nitamwachia msomaji wangu mzigo kiasi gani? Fikiria jiko la shughuli mtaani, masufuria matano motoni. Akija mtu akasimama katikati na kuuliza kila baada ya dakika "nifanye nini, nifanye nini," mpishi mkuu humchoka kabla ya wali kuiva. Anayependwa ni yule aliyekuja na kisu chake, akaona gunia la vitunguu halijaguswa, akavuta kigoda.

Tuache nadharia. Nichukue mradi mmoja wenye mizizi huku kwetu: OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, Paul Biondich na Burke Mamlin, walifika Eldoret, Kenya, ambako mpango wa AMPATH ulikuwa ukihudumia wagonjwa wa Ukimwi walioongezeka kwa kasi kubwa kuliko mfumo wa kompyuta uliokuwepo. Waliona kuubandika viraka mfumo ule hakutafika mbali, wakaanza kubuni mpya. Februari 2006 ukaanza kutumika Eldoret, na mwaka huo huo ukafika Rwinkwavu, Rwanda. Leo KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo inayotumika katika vituo vingi vya afya vya nchi hizo, imejengwa juu yake. Msimbo wake wa ndani umeandikwa kwa Java, na kurasa mpya anazoziona muuguzi zinaandikwa kwa lugha za familia ya JavaScript, zile zile zinazofundishwa vyuoni mwetu.

Kwa nini nauchagua huu? Kwa sababu kijana wa Kisumu, Mbeya au Mbarara ana kitu ambacho mhandisi wa California hana: amekaa kwenye benchi la zahanati. Anajua kuna bibi asiyeijua tarehe yake ya kuzaliwa, ila anajua alizaliwa mwaka wa njaa fulani. Na mfumo huu umelizingatia hilo. Una mahali pa kuonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Anajua umeme unakatika katikati ya usajili. Anajua karani anaandika jina la baba mahali pa ukoo. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma vitabu vya Java, na ndio unaomfanya mgeni awe na la kusema siku ya kwanza.

Basi anza kwa kuutumia. OpenMRS ina nakala ya majaribio kwenye intaneti, yenye wagonjwa wa kubuni. Ingia, sajili mgonjwa, mwandikie dawa, potea ndani yake jioni nzima. Baadaye ndipo uuweke kwenye kompyuta yako. Hapo jiandae kwa bando, maana mara ya kwanza mashine itapakua maktaba nyingi za wengine. Miradi mikubwa ina historia ya miaka mingi, na ukichukua ghala zima la msimbo wa Linux unapakua gigabaiti kadhaa. Programu ya Git ina njia ya kuchukua hali ya sasa peke yake: kwenye amri ya kunakili unaongeza neno depth, likitanguliwa na vistari viwili, na namba 1. Watoa semina hawalitaji hilo, sijui ni kwa sababu wao hutumia Wi-Fi ya ofisi.

Wakati unauweka, fuata maelekezo yao neno kwa neno, na kila unapokwama andika. Hatua ya tatu inasema endesha amri fulani, amri inakataa. Hatua ya tano inadhani una programu ambayo haikutajwa popote. Usione haya, na usiharakishe kutafuta njia ya mkato halafu ukasahau ulivyokwama. Msikilizaji, hii ndiyo mali ya mgeni. Aliyekaa kwenye mradi miaka saba hawezi kuliona shimo hilo, kwani kompyuta yake ilishapangwa zamani na miguu yake inaliruka yenyewe. Wewe pekee unaliona, na utaliona kwa wiki mbili tu. Baada ya hapo na wewe utakuwa mwenyeji. Sahihisha ile hatua ya tatu, peleka. Ni sentensi moja, inasomeka kwa sekunde kumi, na kila atakayekuja nyuma yako atapita salama.

Wapo watakaokuambia: tafuta tiketi, yaani maelezo ya kazi zinazosubiri kufanywa, zilizobandikwa alama ya kazi nzuri ya kuanzia. OpenMRS nayo ina tiketi za utangulizi. Sizikatai, lakini katika miradi maarufu tiketi hizo hugombaniwa mno. Unakuta tiketi moja ina watu ishirini walioandika "naomba nipewe mimi," na hakuna aliyegusa msimbo. Mimi ningekwenda penye upweke. Chukua hitilafu iliyoripotiwa miezi minane iliyopita, isiyojibiwa, ujaribu kuizalisha kwenye mashine yako. Ikitokea, andika: nimetumia toleo hili, nilibonyeza hapa, nilitarajia hiki, nikapata kile, na haya ndiyo maandishi ya kosa. Isipotokea, sema pia, utaje toleo. Pengine ilishatibiwa na hakuna aliyekumbuka kuifunga. Hujaandika mstari hata mmoja wa msimbo, lakini umempunguzia mtunzaji saa nzima, na jina lako ameliona.

Kuhusu salamu. Sisi tuliolelewa kubisha hodi mara tatu huanza ujumbe kwa aya nzima: naitwa fulani, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nina shauku kubwa, naomba mnielekeze pa kuanzia. Adabu ni njema, ila aya hiyo inamwachia msomaji kazi ya kukubunia kazi. Salamu moja inatosha, kisha useme ulichofanya na ulipokwama.

Ukifika wakati wa kuleta msimbo wenyewe, leta badiliko moja kwa wakati mmoja. Usirekebishe hitilafu, ukapanga upya nafasi za mistari na kubadili majina ya vitu kumi, vyote ndani ya kiraka kimoja, yaani furushi moja la mabadiliko. Hakuna atakayejua kipi kimefanya nini. Soma kwanza faili la maelekezo kwa wachangiaji, karibu kila mradi mkubwa unalo. Linux imekwenda mbali zaidi: ina programu ndogo inayokagua kiraka chako kabla hujakituma, na sehemu iitwayo staging, yenye viendeshi vya vifaa ambavyo bado havijaiva, vingi vikiwa na orodha ya yanayohitaji kurekebishwa. Pia tangu 2004 inakutaka utie sahihi ya jina lako chini ya kila kiraka, kuthibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Sahihi hiyo si mapambo. Ikiwa umeajiriwa, rudi ukasome mkataba wako. Ipo mikataba inayosema chochote utakachoandika, hata usiku nyumbani, ni mali ya mwajiri.

Umetuma. Kimya. Siku tatu, kimya. Hapa wengi hukata tamaa, au hukasirika. Mwongozo wa Linux unamwambia mchangiaji asubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na kwa mradi wa watu wanaojitolea naona hata wiki mbili si nyingi. Ukikumbusha, kumbusha mara moja, kwa upole, ukiwa na jambo jipya la kuongeza: kwamba umelijaribu badiliko lako pia kwenye toleo lililotoka juzi, kwa mfano.

Jibu likija, huenda likawa na maoni kumi na mawili. Badilisha hapa, futa pale, kwa nini umefanya hivi, ongeza jaribio. Hadharani, mbele ya dunia nzima. Kwa watu wa kwetu, ambao kukosolewa mbele ya wageni ni fedheha, hilo linachoma. Lakini angalia vizuri: aliyeandika maoni kumi na mawili amekupa muda ambao hakuwapa wale ishirini wa "naomba nipewe mimi." Ameamua unastahili kusomwa. Matusi ni kitu kingine. Torvalds mwenyewe alijulikana kwa ukali wa maneno, hadi Septemba 2018 akaomba radhi kwa tabia yake na kupumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni za mwenendo. Ukikuta mradi ambao watu wake wanatukanana na hakuna anayekemea, ondoka. Miradi ni mingi, na hukula kiapo.

Lipo jambo jingine ambalo mgeni wa leo analirithi bila kuwa amekosa. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Aliyeuweka alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa ameanza kuchangia tangu 2021 kwa vitu vidogo, vya manufaa, kwa subira, huku akaunti nyingine zikimlaumu mtunzaji mkuu, aliyekuwa akijitolea na aliyechoka, kwamba anachelewa. Mwishowe akakabidhiwa mamlaka. Ni kama alifuata ushauri wote ninaokupa leo, kwa nia mbaya.

Matokeo yake watunzaji wamekuwa waangalifu zaidi, na haki yao. Usishangae ukiulizwa maswali mengi kwa badiliko dogo. Usiombe haraka ruhusa ya kuidhinisha kazi. Na ukiona mtu anamsonga mtunzaji kwa maneno ya kumuonea, usijiunge na kelele hizo hata kama kiraka chako mwenyewe kinasubiri.

Nimesema sana msimbo, lakini mlango wa lugha ni mpana vilevile. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili, na kazi ile ilifanywa na watu waliokaa wakabishana istilahi moja baada ya nyingine. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam walitembea kata zinazofurika kuchora mitaa na mifereji kwenye OpenStreetMap, katika mradi wa Ramani Huria. Hakuna aliyehitaji Java kupima upana wa mfereji.

Lakini tusijidanganye kwamba tafsiri ni kazi ya waliofeli msimbo. Fikiria ukurasa wa dawa ambapo maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kila baada ya saa sita" yametafsiriwa yakawa "saa sita." Mgonjwa atameza mchana. Ni nani atakayelikamata kosa hilo? Mtunzaji aliyeko Indiana hawezi, maana hajui Kiswahili, sembuse kujua kwamba saa sita yetu ni saa kumi na mbili yake. Siku hizi mtu anaweza kuimwaga tafsiri ya mashine ya sentensi elfu moja kwa mchana mmoja, akahesabiwa mchangiaji hodari. Wa kuzisoma hizo elfu moja, moja baada ya nyingine, ni haba kuliko wasomaji wa msimbo wenyewe. Kwa hiyo ukiingia kwenye jukwaa la tafsiri la mradi wowote, pita kwanza kwenye zile zinazosubiri kuhakikiwa kabla ya kuongeza zako.

Fedha? Ndiyo, zipo kiasi. Google Summer of Code ilianza 2005 ikiwa ya wanafunzi, na tangu 2022 imewafungulia pia wasio wanafunzi, wenye miaka 18 na zaidi, ambao ni wapya kwenye programu huria. Outreachy huwalenga watu ambao tasnia hii imewaacha pembeni, na imekuwa ikilipa dola 7,000 kwa miezi mitatu ya kazi. Outreachy inamtaka mwombaji achangie mradi kwanza, wakati maombi yakiendelea, na kwenye Google Summer of Code nako anayejulikana tayari na mradi ana nafasi bora. Aliyeanza Januari kwa kusahihisha hatua ya tatu ya maelekezo hatakuwa akibahatisha Machi.

Na itafika siku, pengine kabla ya mwaka kwisha, utaona jina lako limetajwa chini ya kazi ya mgeni mwingine: hebu nawe angalia hii. Usiandike "iko sawa" ukapita. Ipakue, iendeshe, jaribu kuivunja, kisha mwandikie yule mgeni ulichokiona, na mstari gani. Mtunzaji ataisoma baada yako, na safari hiyo atakuwa na kazi ndogo.